Majivu ya Lindsay kwenye Ukoka wa Clarrie

Clarrie Pascoe alitunza uwanja wa klabu yetu ya mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi miaka ishirini na tisa, na aliyemmaliza ni mimi. Nasema mapema ili msije mkanihurumia.

Alikuwa mfupi, mkali, na kofia ile ile tangu nimjue. Ukikanyaga ukoka wake na kisigino, hata uwe mke wa meya, ulifukuzwa kama kuku. Kwenye kamati alikuwa na rafiki mmoja tu, mume wangu Lindsay. Wengine walitaka nyasi za plastiki, zisizonywa maji wala kudai mshahara. Lindsay alipofariki mwezi wa saba, Mwenyekiti Gorman hakungoja hata maua yanyauke.

"Uwanja umekuwa godoro, Clarrie. Tufe halikimbii. Mashindano ni Novemba. Ukiwa tayari, ukoka unabaki na wewe unabaki. Usipokuwa tayari, naleta plastiki."

"Nipe wiki nane, na mtu asikanyage."

Septemba, joto liliporudi huku kwetu Queensland, akaingiza mashine yenye meno kama ya reki. Akauchana uwanja mara tatu, mpaka lile tabaka la mabua makavu lililoshonana chini likatoka lote, tela kumi na moja. Pakabaki udongo na vishina. Wanachama wakashika vichwa.

"Umeunyoa au umeuchinja?"

"Mizizi i hai. Nyie zuieni miguu yenu tu."

Akatandaza mchanga, akanyunyiza maji kidogo kidogo mara tatu kwa siku, mbolea akaitia kwa mkono kama mtu anayeogopa kuzidisha chumvi. Wiki ya tatu machipukizi yakatokeza. Nilimkuta amepiga magoti, anacheka peke yake.

Sasa, kwetu mwanachama akifa, huchomwa na majivu yake hunyunyizwa uwanjani. Lindsay alikuwa bado kabatini, ndani ya kopo, karibu na pasi. Binti yetu alikuja kutoka Perth kwa siku tatu tu, nami nilitaka amuage baba yake.

"Enid, ngoja nyasi zifunike udongo," Clarrie akaniambia. "Majivu yana chumvi kali, na huu uwanja sasa ni kidonda. Krismasi nitakushikia kopo mwenyewe."

"Kwa hiyo mume wangu ni sumu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Miaka ishirini na tisa yote hiyo anakutetea, leo unamwona uchafu!"

Jamani, nilikuwa na hasira, sikusikia la mtu. Jumapili asubuhi tukaivuka kamba aliyozungushia uwanja, mimi na binti yangu, tukamimina kopo zima pale Lindsay alipopenda kusimama. Binti yangu alilia sana. Majivu yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, nikayasambaza kwa mguu.

Baada ya siku kumi pale pote palikuwa peusi, pana kama meza sita, na Novemba ikaingia hapajaota kitu. Kamati ikakutana. Mimi nilikuwepo, nagawa sandwichi.

"Nani kafanya haya?" Gorman akauliza.

Clarrie alitazama kofia yake. "Mfuko wa mbolea ulinipasukia."

"Miaka ishirini na tisa, leo ndiyo unapasukiwa na mfuko? Uzee huo, mzee!"

Wakacheka. Mdomo nilikuwa nao. Nikauliza nani anaongezewa chai.

Plastiki ililazwa Januari. Clarrie akapata kibarua cha kukata nyasi makaburini, na huko ndiko nilikomfuata, mwaka mzima baadaye, kuungama. Alizima mashine akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, Enid. Nilikuwa ndani ya kibanda siku ile, nawaona."

"Mbona hukutuzuia?"

"Binti yako alikuwa analia."

"Na kwenye kikao? Kwa nini hukunitaja?"

"Nilidhani utasema mwenyewe," akajibu, akawasha mashine.

Nami bado ni mwanachama. Kila Jumatano wanaviringisha matufe juu ya plastiki iliyomfunika Lindsay, halafu wanaingia ndani na kunisifia sandwichi zangu.