Mama Mkwe Anaamini Nilizima Tangazo la Marehemu Mke Wangu

Naomba jina langu lisionekane, maana hapa Nyamasaria, Kisumu, tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, baba wa msichana mmoja, Akinyi. Shule niliishia darasa la nane. Ninasuka viti na vikapu kwa gugu maji, lile gugu linaloziba ziwa letu, na kuna akina mama wanne wanaosuka pamoja nami. Mke wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua figo. Nitamwita Mama Akinyi, kama nilivyomwita siku zote.

Kusuka kulikuwa kwangu, lakini wateja aliwaleta yeye. Ndiye aliyelipia matangazo mitandaoni, na ndiye aliyenifundisha kwamba kila tangazo lipewe linki yake. Linki zote zinampeleka mtu kwenye ukurasa mmoja wa kuagiza, ila mwishoni mwa kila moja kuna neno tofauti. Mtu akinunua, oda inaingia na lile neno, nawe unajua ni tangazo gani limeleta pesa. Nilimwambia hiyo ni kazi ya bure, akanicheka. "Bila alama, Baba Akinyi, utalipia matangazo matano, moja tu ndilo linafanya kazi, na wewe utashukuru yote kama pasta."

Lililofanya kazi ni lake mwenyewe. Kwenye video hiyo anakaa kwenye kiti kikubwa, anainuka, anajitupa tena kwa uzito wake wote, anasema, "Mimi si mwepesi, na kiti hakijalia!" Halafu anacheka mpaka anajifunika uso. Amevaa ndala zangu, kwa sababu zake zilikatika asubuhi hiyo. Wateja hawazioni. Mimi naziona. Alama aliyoiweka kwenye linki ni nyarkisian, yaani binti wa Kisian, kwa sababu kwao ni huko.

Baada ya mazishi sikugusa kitu. Tangazo liliendelea lenyewe na oda zikaendelea kuingia. Kisha siku moja mchana mama mkwe akaja. Wanaojua mila zetu watanielewa: mama mkwe haji tu kwa mkwewe, na mkwe hambishii. Hakuingia ndani. Tulimwekea kiti nje, akakaa ameangalia pembeni, nami nikasimama mbali nikitazama chini. Alikuja na wifi yake.

"Watu wa kanisa wananionyesha simu," alisema polepole. "Wananiambia, Mama, leo tumeona binti yako anacheka. Mimi nilimzika. Mbona bado anauza viti?"

Yule wifi akadakia, "Na usijifanye hujaelewa, Baba Akinyi."

"Nimeelewa, mama," nikasema. "Nitalizima."

Nililizima kweli, jioni hiyo hiyo. Nikarekodi video yangu na kuipa linki yake. Achieng, mmoja wa wale akina mama, aliitazama mara moja akanirudishia simu. "Unaongea kama mtu anasoma tangazo la kifo redioni." Wiki mbili zikapita, linki yangu ikaleta oda moja tu, nayo ni ya binamu yangu. Achieng, ambaye pia ni mjane, aliniambia bila hasira, "Mimi pia nilizika. Lakini watoto hawangoji tumalize kulia ndio wasikie njaa."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye simu kuna mahali unapochagua tangazo lionekane wapi. Nililiwasha tena lile la marehemu, nikaondoa Kisumu yote, nikaondoa Siaya, Vihiga na Homa Bay. Kule kwingine likabaki. Oda zikarudi, Nakuru, Eldoret, na nyingi kabisa Nairobi. Nyarkisian. Nyarkisian. Mama mkwe, aliposikia watu wa kanisa hawalioni tena, akanitumia kuku na ujumbe: "Mwambieni Baba Akinyi Mungu ambariki. Sasa mtoto wangu amepumzika." Nikapokea kuku. Nikapokea na baraka.

Nimekuwa nikijiambia nilifanya hivyo kwa ajili ya wale akina mama wanne. Si uongo, lakini si ukweli wote. Oda ikiingia, mimi sisomi kwanza ni kiti gani kimeagizwa. Nasoma lile neno la mwisho. Katika zile wiki mbili, simu ilikuwa mkononi muda wote, na nilijua vizuri hakuna kitakachokuja. Akinyi aliniuliza, "Baba, unangoja nani?" Nikamwambia nangoja mteja.

Sasa shemeji yangu wa Nairobi, ndugu wa marehemu, amepiga simu kwa furaha. Anamchukua mama mkwe akafanyiwe upasuaji wa macho, na atakaa naye miezi mitatu. "Akianza kuona vizuri tutamnunulia simu kubwa, naye achoke na picha!" Nilicheka naye. Baada ya kukata simu, nilikaa chini kwenye magugu.

Nyumba ile ina vijana wanaoshinda mtandaoni. Wataliona tu. Nikiondoa na Nairobi, kazi itakayobaki haitatosha, na itabidi niwaambie akina mama wanne wabaki nyumbani. Nikiacha, siku moja atafunguliwa macho na kitu cha kwanza kuonyeshwa kiwe mtoto wake akicheka, na ajue nilimdanganya.

Anasafiri Jumatano. Ninyi mnaosoma, hasa mliozika mwenzi na mnaoheshimu wakwe, niambieni la kufanya. Nilizime kabisa, au nimwambie ukweli kabla hajaondoka? Siwezi kusimama mbele ya mama mkwe nikasema nilikudanganya. Lazima nimtume mtu, na maneno yangu kwa mama yake yalipelekwa siku zote na mtu mmoja tu, naye ndiye tuliyemzika.