Mwenye Rundo

Nilipokuwa na miaka kumi, kule Mugango, sikuweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Mama alisema miguu yangu ina wazimu wake. Hata leo, mimi muuguzi mtu mzima, wenzangu wa zahanati huko Bunda hunicheka kwamba nakunywa chai nimesimama. Nalitaja hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi niliamini kwamba kama mimi ningetulia, mdogo wangu Masatu angekuwa anatembea vizuri.

Mwaka ule mvua ilitukimbia. Mtama ulikauka, mihogo mitamu tukaimaliza, ikabaki ile michungu, ambayo hata nyani huipita. Mihogo hiyo hailiwi hivi hivi. Unaimenya, unaianika kidogo, unairundika pembeni mwa nyumba, unaifunika kwa majani ya mgomba na kuweka mawe juu. Inakaa humo mpaka iote ukungu mweusi, ambao sisi watoto tuliuita manyoya. Ndipo unaikwangua, unaianika tena na kuitwanga. Huo ndio udaga. Ugali wake ni wa kijivu, na mgeni huukunjia pua. Mimi naupenda mpaka leo.

Rundo lilikuwa mali ya Bibi, mama yake baba. Masharti yake yalikuwa mengi: usipige mluzi karibu nalo, usilikalie, usilirukie. Kubwa kuliko yote, usilifunue kabla ya siku sita. Ndani yake, alisema, mna mwenyewe, mwanamke, na ana kazi yake.

"Ukimfunua hajamaliza, anakasirika," alituambia. "Wewe hakufanyi kitu. Anamfuata mdogo wako, anamfunga miguu."

"Kwa nini mdogo wangu, Bibi?"

"Kwa sababu ndiye unayempenda."

Basi Bibi akaitwa Butiama kumuuguza dada yake. Siku ya kuondoka alinishika sikio, si kwa ukali sana, akasema, "Siku sita, Nyamisi. Usizipunguze." Nikaapa. Nilikuwa hodari wa kuapa.

Baba alikuwa visiwani akivua, na habari zake zilifika mara moja moja. Mama alianika dagaa wa watu mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki; anatoka alfajiri, anarudi jua likizama. Nyumba nzima tulinuka dagaa, lakini kula hatukula, maana dagaa walikuwa na wenyewe. Ugali tuliuteremsha kwa mlenda na chumvi, na chumvi nayo ikaisha.

Siku ya tatu ya rundo la kwanza baada ya Bibi kuondoka, unga ulikwisha. Masatu, wa miaka sita, aliketi mlangoni akilia bila sauti. Alikuwa ameshachoka kulia kwa sauti. Nilizunguka nyumba mara nne, tano. Mwishowe nikaondoa jiwe, nikafunua jani.

Vipande vilikuwa vyeupe, havina unyoya hata mmoja. Nilisubiri kidogo nione nani atatoka. Hakutoka mtu. Nikachukua vya kunitosha, nikaviosha, nikavianika juu ya mwamba wenye moto wa jua, nikatwanga, nikasonga. Ugali ukatoka mweupe pe! Sikuwahi kusonga ugali mzuri namna ile. Masatu alikula mpaka akalala na tonge mkononi.

Jioni Mama aliutazama ugali kwenye sahani kwa muda.

"Ugali wa leo mweupe," alisema.

Nilidhani ananisifu. Nikafurahi, nikamwongezea.

Siku tatu zikawa desturi yetu, mara nyingine zikawa mbili. Wiki zikapita, rundo jipya likifuata la zamani, na mimi nikaanza kuona mambo. Asubuhi moja nilikuta majani yamekunjwa upande ambao mimi sikuwa nikiyakunja. Jiwe kubwa lilikuwa limehama. Na vipande vilipungua kuliko nilivyochukua. Nilikimbia mpaka ziwani bila kujua nakimbilia nini. Mwenyewe ameamka, nilijiambia, naye anachukua fungu lake.

Tangu hapo kila asubuhi nilimfinya Masatu vidole vya miguu. Akinipiga teke na kucheka, nilishusha pumzi. Kisha nilikwenda kufunua tena, kwa sababu mchana ungefika na njaa ingefika nayo. Hofu ilikuwepo, lakini haikujaza tumbo la mtu.

Ikaja asubuhi moja nikamfinya, asipige teke.

"Dada," alisema, "miguu imekataa."

Alijivuta akashika nguzo ya mlango, akasimama kwa ncha za vidole, magoti yakagongana, akaanguka. Hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu. Miguu ilikakamaa tu, kama alivyosema Bibi, imefungwa. Nilikwenda mbio kumwita Mama mwaloni, akambeba mgongoni, tukapata gari la kutufikisha hospitali Musoma. Daktari alimgongagonga magoti, akauliza tunakula nini.

"Ugali," Mama alijibu.

"Na nini?"

Mama akainama, akatazama mikono yake iliyojaa magamba ya dagaa.

Bibi aliporudi hakusalimu mtu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akainua jani, akalirudisha. "Nani alikuwa anafunua?"

"Mimi," Mama alisema upesi.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikufungua mdomo. Ukoo wa baba ulikaa kikao, ukasema mwanamke huyu amemuuza mtoto kwa tamaa ya tumbo. Baba, aliyekuja kwa ajili ya kikao hicho, alirudi visiwani bila kumuaga. Mama aliyabeba yote, na mimi nikamwacha ayabebe. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka mingi baadaye nilihudhuria semina ya lishe. Mtaalamu alitueleza juu ya watu wa misitu mikubwa ya huko Kongo, ambao wanaishi kwa mihogo michungu tangu mababu. Huiloweka mitoni siku kadhaa, huila na samaki, na viwavi, na majani ya msituni. Kuloweka huko, na ukungu wetu vilevile, huondoa sumu. Ile kidogo inayobaki, mwili wenyewe huivunja ukaitoa kwenye mkojo, ilimradi umepata samaki au nyama ya kufanyia kazi hiyo. Usipopata, sumu hulimbikizana, na siku moja mtoto anaamka miguu imekakamaa. Wenzangu waliandika. Mimi niliinuka nikatoka, nikazunguka uwanja mpaka viatu vikaniumiza.

Bibi alikuwa amesema kweli. Mle ndani mlikuwa na anayefanya kazi, na kazi yake ilihitaji siku sita. Kitu kimoja tu hakukitaja, samaki, kwa sababu enzi zake hakuna mtu wa ziwani aliyehitaji kukumbushwa kula samaki.

Mwezi uliopita nilikwenda Mugango. Nilimkuta Mama pembeni mwa nyumba akimenya mihogo, na rundo jingine limefunikwa kando yake. Nilisema nikiwa bado nimesimama, mkoba begani.

"Mama, mwaka ule ni mimi niliyekuwa nafunua rundo."

Kisu hakikusimama. "Najua."

"Ulijuaje?"

"Unga mweupe vile, mwanamke gani wa huku asingejua?"

"Mbona hukunikataza?"

Sasa kisu kikasimama. "Ningekukatazaje, Nyamisi, na mimi nilikuwaga nachukua? Alfajiri, kabla sijaenda mwaloni. Naianika mihogo mwaloni, natwangia kwa jirani, nachanganya kwenye unga wenu ili usiishe haraka. Ukiisha mnalia, na mimi siwezi kufanya kazi nikijua mnalia."

Nikayaona tena yale majani yaliyokunjwa upande mwingine, na lile jiwe.

"Nilidhani ni mwenye rundo," nikasema.

Mama alicheka, halafu machozi yakamtoka akicheka. Alikuwa ameamini miaka yote hiyo kwamba yeye peke yake ndiye aliyemfunga Masatu miguu. Kila mmoja wetu alikuwa amejiwekea hatia nzima. Sijui kama hatia ikigawanywa inapungua. Yangu bado naisikia.

"Masatu anajua?" nikamuuliza. Masatu anatengeneza simu Musoma, anatembelea fimbo, na hajawahi kutuuliza kitu.

"Hajui. Anakuja keshokutwa. Tumwambie, wote wawili."

Nilitazama rundo. "Hili lina siku ngapi?"

"Leo ya nne."

Nikatua mkoba. Nikakaa chini kando yake, nikachukua kisu cha pili. Miguu ilitaka kuinuka. Nikaiacha itake.

"Keshokutwa asubuhi upite mwaloni," Mama alisema. "Ununue samaki. Mkubwa."