Pindo la Ndani

Mshonaji alikuwa na vidole visivyodanganyika. Alipopiga msasa chumba cha injini cha gari lake kuukuu, pale uani kwake, alifumba macho akapapasa bati kama anavyopapasa kitambaa dukani; palipokwaruza, alirudia. Injini aliivika mfuko wa turubai alioushona mwenyewe, nyaya akazifunga magazeti mmoja mmoja, huku akipiga mluzi usio na wimbo. Shemeji yake, fundi rangi wa magari, alikuwa amemcheka alipopaka rangi mara ya kwanza, na hakukosea: rangi iliota vitobo kama uso uliopata ndui, kwa kuwa mshonaji alifuta bati kwa kitambaa chenye mafuta anachofutia cherehani. “Mafuta na rangi ni paka na panya, shemeji. Rudi kwenye mashati yako.” Mshonaji aliikwangua rangi yote, akaosha bati kwa sabuni mara tatu, akakata kitambaa kipya kwenye jora, akaanza upya.

Jumamosi fundi alirudi, kicheko ki tayari mdomoni. Akafungua boneti, akainama kutazama. Rangi ya kijani ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Lakini fundi ni fundi: akapenyeza mkono nyuma ya mahali pa betri, kwenye pembe ambayo hata yeye huiruka, maana betri ikirudi hapaonekani. Akakwaruza kwa ukucha. Haikutoka hata chembe.

“Na huku nani ataona?”

“Shati nililoshona mimi ligeuze ndani nje, shemeji, uende nalo harusini.”

Fundi akashusha boneti polepole, kwa mikono miwili. “Haya. Gari langu nilete lini?”