Fundo la Mama Mkwe

Cheka ukitaka, lakini usiniambie niliota. Anayeota hana mtoto mgongoni wala jembe mkononi, na mimi asubuhi ile nilikuwa navyo vyote viwili.

Ilikuwa miaka ya vita, hapa hapa Kindu. Wanajeshi walikuwa wameshika uwanja wa ndege, na nyuma yake, penye mashamba yetu ya muhogo, walikuwa wakijifunzia mizinga. Siku ya kupiga walipandisha kitambaa chekundu kwenye mti mrefu. Kikishuka, sisi wanawake tuliingia kuchimba muhogo na kuchuma sombe, majani yake. Tungefanyaje? Njaa ilikuwa inatuuma.

Siku hiyo ukungu wa mto ulifunika kila kitu. Kitambaa sikukiona, mzinga sikuusikia, nikajiambia leo wamepumzika. Nikaingia na Zaina wangu, hata mwaka hajatimiza.

Mbele yangu alisimama mwanamke, kanipa mgongo, kikapu cha muhogo miguuni pake.

"Mama Zaina, kuja unitwike."

Kwetu nani anakataa kumtwika mwenzake? Niliweka jembe chini, nikainua kikapu. Kilijaa pomoni, lakini, niamini, mikononi kilikuwa kama kitupu. Hapo akageuka. Alikuwa mama mkwe wangu, ambaye nilimwosha na kumvika sanda kwa mikono hii.

Nilitaka kupiga ukelele. Na yeye unajua alifanya nini? Alinigombeza!

"Eh! Mupaka leo haujue kufunga mutoto? Ataanguka!"

Ndivyo alivyokuwa. Fundo lake la kitenge, lile la ubavuni, hakuna mwingine aliyelijua. Kila nikimwomba anifundishe alijibu, "Uzale wa pili kwanza." Tulizozana kila siku, na nilimpenda sana. Vidole vyake vya baridi vikapita kiunoni mwangu, vikakaza.

"Nifwate. Jembe iache."

Nikamfuata mpaka barabarani. Mara mlio, ardhi ikatetemeka, udongo ukaturukia. Nilipoinua kichwa, mama hayupo, kikapu hakipo. Pale nilipoacha jembe palikuwa na shimo.

Nyumbani nilihangaika kulifungua lile fundo. Nimejaribu kulifunga tena miaka yote hii, wapi!

Zaina sasa ana mtoto wake. Juzi alipokuja kunisalimia, nikaliona ubavuni mwake, lile lile. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Mama, njo vile nafungaka siku zote," akasema, akinishangaa. Nililia, sikuona aibu.

Kwa hiyo sikiliza. Ukungu wa Kindu haujahama, na mizinga bado ipo duniani. Usiingie shambani kabla hujauona ule mti wa kitambaa. Na mwanamke akikuita umtwike, mtwike kwanza, usimuulize ni nani. Akikugombeza, nyamaza, kisha mwambie Mama Zaina hakujaliwa wa pili, na fundo bado hajalijua.