Mpagazi wa Neno Moja

Juzi stesheni ya Soga, kwa macho yangu haya yanayoona mpaka Morogoro, jamaa wa Chole aliomba upagazi. Mkewe alisimama pembeni, ameshika tama. Kazi ikikosekana, wanarudi kwao kulala njaa.

“Kingereza unajua?” aliuliza Mzungu wa reli.

“Ninalo neno moja tu, bwana: teki, yaani chukua.”

Watu wakacheka. Jamaa akanyanyua mzigo: “Teki!” Akajifanya anapanda behewa: “Teki treni!” Akapeleka ngumi mdomoni: “Teki chai!”

“Na mkeo je, shemeji?” mmoja akamchokoza.

“Huyo nilishamteki zamani!”

Mzungu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. “Anza kesho.”

Mkewe akapiga kigelegele. Mimi Kingereza changu kinajaza behewa zima, lakini hakijanipa hata uji. Labda maneno yamezidi, nimeanza kuyapunguza.