Niliandika kifungu cha nani ni mwenyeji wa Nyanda za Juu Kusini, mke wangu ndiye aliyekichapa

Wakuu, kamwene.

Hili nimekaa nalo muda mrefu. Naliandika kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, Iringa, ila naishi Uyole, Mbeya. Nauza mbegu na mbolea. Mke wangu Kabula ni Msukuma, lakini kazaliwa Usangu, huku huku Mbeya. Wazazi wake walihamia kule na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Ana duka la steshenari, anachapa na kuprinti.

Kuna mwaka niliingizwa kwenye grupu la watu wa Iringa na Mbeya. Hoja ilikuwa nzuri, na bado naiona nzuri: tunalima sana, lakini maamuzi yetu yanafanyika mbali. Tulitaka nyanda hizi zipewe mamlaka yake, zipange zenyewe barabara na masoko ya mazao.

(Naomba tusirushiane maneno hapa. Hakuna aliyetaka kuvunja nchi.)

Nikachaguliwa katibu. Nikajiona mtu kweli.

Kisha mmoja akauliza: hayo mamlaka tukiyapata, yatakuwa ya nani? Grupu likachafuka siku tatu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu tunayemheshimu wote, akaniagiza niandike draft ya waraka, nieleze mwenyeji ni nani.

Nikaandika kwa mkono: mwenyeji ni mtu ambaye babu yake, mzaa baba au mzaa mama, amezikwa ndani ya nyanda hizi.

Niliiona sentensi safi sana. Wala sikumfikiria mtu yeyote.

Nikampa Kabula achape.

Alichapa kurasa zote nne bila kubadili neno. Akaprinti, akabana pini, akanikabidhi kama anavyomkabidhi mteja. Halafu akasema taratibu:

"Baba Neema, babu zangu wote wawili wamezikwa Usukumani. Baba yangu ndiye aliyezikwa Usangu. Kwa hiyo Neema ni mwenyeji, na mimi mama yake ni mgeni?"

Nikamwambia hicho ni kifungu tu, hakimhusu yeye. Akaendelea na kazi ya mteja mwingine.



Siku ya kikao cha kupitisha waraka nilisimama nikaomba kifungu kibadilishwe, kisomeke: mwenyeji ni yeyote anayeishi na kufanya kazi hapa. Watu wakaguna. Mwenyekiti akanijibu kwa upole kabisa kwamba mke humfuata mumewe, kwa hiyo wangu hana shida.

Nikamuuliza, "Na kaka zake?"

Shemeji zangu wale wanalima mpunga Usangu. Baba yangu alipofariki walikuja Kalenga, wakachimba kaburi na ndugu zangu.

Mwenyekiti akasema, "Katibu, hao ndio tunaowazungumzia."

Hapo ndipo nilipoelewa niko wapi. Barabara na masoko hayakutajwa tena siku ile. Ilikuwa mashamba ya mpunga, malisho, na nani aondoke.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Upande wangu tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja mkulima wa Idodi. Nikaacha daftari la kumbukumbu mezani, nikatoka. Kabla sijafika nyumbani admin alikuwa ameshanitoa kwenye grupu.

Mdogo wangu wa Kalenga bado yumo. Tunasalimiana, ila siasa hatugusi.

Nilimsimulia Kabula yote, na nikiri, nilitarajia shukrani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza:

"Kama usingenioa mimi, ungeuona ubaya wa hicho kifungu?"

Nadhani jibu analijua.

Nilichojifunza ni kwamba kudai haki ya kwenu siyo kosa, na kesho ningedai tena. Ila siku mnapoacha kuuliza mnataka nini, mkaanza kuuliza nani si mwenzetu, hiyo ni kazi nyingine kabisa, hata kama viongozi ni wale wale na maneno ni ya upole.

Mliowahi kuwa kwenye harakati za namna hii, mkoa wowote, mlijuaje zimegeuka? Na mlioko Usangu, wenye ng'ombe na wenye mashamba, nataka kuwasikia zaidi. Hata wa kunipinga, karibuni. Nitasoma zote.