Niliwaita Wenye Matumbo Mabaya, Nikasema Ni Kijiji Kizima

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala siisingizii mvua, ingawa mvua nayo ilichangia. Mimi ndiye niliyetangaza kwamba kitongoji chetu kimejaa minyoo, na maneno hayo nusura yanikoseshe mke.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea huku Kituntu, Karagwe. Kazi yetu ni kupita majumbani, kukagua vyoo, kupima watoto, na kutukanwa kidogo. Nina miaka thelathini na mbili, na mama yangu hunikumbusha umri huo kila asubuhi kabla hata ya salamu. Kwa hiyo nilipompata Koku wa Nyaishozi (si jina lake), nyumba nzima ilishusha pumzi.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Muuguzi wa zahanati yetu, mama mmoja mkali, alitaka kujua ni watu wangapi hapa kwetu wana minyoo. Akanipa mfuko wa vikopo. "Anzia nyumba ya kwanza kule bondeni," akasema. "Hesabu. Kila nyumba ya tano, ingia. Mzima, mgonjwa, mlevi, mchamungu, wote wape kikopo. Usichague wewe, iache hesabu ichague. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Na nilielewa kabisa! Ndiyo maana naliita kosa.

Lakini nyie mnakijua kitongoji chetu? Nyumba moja iko huku, nyingine ng'ambo ya kilima, katikati ni migomba, utelezi na mbwa. Ukifika unamwambia mzee wa watu shikamoo, anaitika marahaba, halafu unamwomba kinyesi! Siku ya kwanza nilifika nyumba mbili tu. Kwenye ile ya pili, mzee aliniuliza kama wazazi wangu wanaijua kazi ninayofanya.

Nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Jumapili baada ya misa nikaomba kipaza sauti. "Ndugu waumini, mwenye tumbo linalouma au linalounguruma, au mwenye mtoto aliyetoa minyoo, aje achukue kikopo. Kupima ni bure, dawa ni bure!"

Wee! Walikuja wameshika matumbo. Vikopo viliisha kabla sijamaliza kuandika majina. Wenye matumbo yaliyotulia walipita zao kwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikawaona kwa macho yangu haya, wala sikuwaita.

Majibu yakatoka. Kati ya kila kumi waliopimwa, wanane walikuwa na minyoo. Muuguzi akashika kichwa. "Ulipita kila nyumba ya tano?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Neno dogo vile! Njia ya mwongo ni fupi, tuliambiwa tangu utotoni, lakini mimi siku ile niliiona kama barabara ya lami.

Kwenye mkutano wa kitongoji nikasimama, nimechomekea shati. "Watu wanane kati ya kumi humu wana minyoo!" Watu wakatazamana, wengine wakaanza kujikuna. Mwenyekiti akanisifu kwa kupanda vilima vyote vile, nikapigiwa makofi. Na mimi, bila haya, nikayapokea.

Haikupita muda habari ikafika gulioni Nyaishozi, na kutoka hapo ikafika masikioni mwa wakwe.

Siku waliyokuja kupaona kwetu walikuwa wawili: baba yake Koku, mnunuzi wa maharage, mzee mpole mwenye miwani, na shangazi yake wa Kimuli, ambaye si mpole. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Matoke, nyama, hata senene, wale panzi wetu watamu, aliowakausha msimu uliopita na kunificha mimi mwanawe wa kumzaa! Kwanza akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyompa kila mgeni. Kwetu ukiitafuna kahawa ya mtu, umeikubali nyumba yake.

Shangazi akaitazama. Akaitazama tena. "Asante, mama. Meno yananiuma."

Baba Koku naye meno yakamuuma. Ukoo mzima umeumwa meno siku moja! Matoke hayakuguswa. Senene, jamani, senene! Mtu wa huku amekataa senene! Kisha shangazi akatoa mkobani chupa ya maji ya dukani, akanywa akiangalia pembeni.

Mama akaondoka. Nikamfuata jikoni, nikamkuta anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Wameikataa kahawa yangu," akasema. "Nimewakosea nini?"

Moyo uliniuma, sitaki kudanganya tena. Yeye hakuwa amekosea chochote.

Niliporudi sebuleni shangazi alishasimama. "Mwanangu, wewe ni kijana mzuri. Lakini binti yetu hatuwezi kumleta mahali palipojaa minyoo hivi. Wanane kati ya kumi! Na si umbea, umesema mwenyewe."

Nimesema mwenyewe! Nikinyamaza, Koku ameenda. Nikisema kweli, mimi ni mvivu na mwongo, na nani anampa mwongo binti yake? Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

"Baba," nikasema, "si kijiji kizima. Niliwaita walioumwa matumbo peke yao. Niliogopa mvua na mbwa. Nilidanganya."

Mzee akavua miwani. "Mwenye tumbo zima hukumpima hata mmoja?"

"Hata mmoja, baba."

"Kwa hiyo ukisimama mlangoni pa kilabu, ukahesabu wanaotoka wakiyumba, utasema Karagwe nzima imelewa?"

"Hapana, baba."

"Mimi nikinunua gunia la maharage, naangalia yale ya juu tu aliyonipangia muuzaji? Si natumbukiza mkono hadi chini! Semina zako zote hizo, na hujui ninachokijua mimi mchuuzi?" Akaanza kucheka mpaka machozi.

Shangazi hakucheka. "Rudia," akasema. "Kila nyumba ya tano, kama ulivyoagizwa. Kahawa tutaitafuna ukileta majibu."

Nikaenda kwa muuguzi kutubu. Alinitukana, akapumzika, akanitukana tena, ndipo akanipa vikopo. Nilitembea wiki nzima. Mbwa mmoja alibaki na kipande cha suruali yangu. Yule mzee aliyeniuliza habari za wazazi, naye alitoa kikopo chake, tena kimejaa! Nikahesabu, nne, tano, ingia. Nne, tano, ingia. Na siku moja hesabu ikaangukia mlango wa mama yangu. Nilitaka kuruka. Mama akanyoosha mkono: "Lete vikopo viwili. Na wewe si unalala humu?"

Majibu: katika kila kumi, mmoja tu. Kitongoji kikapumua. Ila kati ya hao wachache, mmoja alikuwa mimi! Mimi mwenye fulana iliyoandikwa nawa mikono! Tumbo halijawahi kuniuma hata siku moja, na lile tangazo langu la kanisani mimi mwenyewe nisingeliitikia.

Nikasimama tena mkutanoni, nikasema yote. Mwenyekiti akasema makofi yale yafutwe kwenye kumbukumbu.

Wakwe wakarudi, safari hii na Koku mwenyewe. Mama akaleta kikapu kilekile. Shangazi akainua kidole. "Dawa kwanza." Nikatafuna kidonge changu cha minyoo mbele ya wakwe, Koku akiwa mlangoni anajiziba mdomo kwa kicheko. Ndipo shangazi akachukua punje ya kahawa. Mama alimtazama mdomoni mpaka alipoisikia ikipasuka menoni.

Ndugu zangu, mkiambiwa wagonjwa ni wangapi kati ya kumi, msikimbie kwanza. Ulizeni hao kumi waliitwaje. Na wewe unayecheka hapo kwa sababu tumbo lako limetulia, nakuonea huruma: mlango wa tano unaweza kuwa wako.